Bana katoni, usibane betri: boksi la vifaa kwa mashindano ya roboti ya likizo

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Temeke. Likizo ya Desemba tunafanya mashindano ya siku tano ya kuunda roboti, timu nane za wanafunzi watatu watatu. Kila timu inapewa boksi moja la vifaa na hairuhusiwi kuongeza hata pini kutoka nyumbani, ili mtoto wa mwenye nacho asimshinde mwenzake kwa pesa. Mwaka jana tuliweka Arduino Uno (kibao cha kompyuta ndogo kinachoendesha roboti), kibao cha L298N cha kupeleka umeme kwenye mota, mota mbili za njano, servo ndogo (mota inayogeuka kwa pembe unayoiamuru), betri moja ya mraba ya volti 9 na rundo la katoni na vijiti. Roboti mbili tu ndizo zilizocheza mechi zote. Nyingine zilitikisika palepale bila kwenda, moja ilizunguka kama pia, na mbili zilianza vizuri lakini kila zikifika kama nusu dakika zilirudia hatua ya kwanza kana kwamba mechi imeanza upya, na dakika ilipokwisha hazikusimama. Tuna pia makasha mawili ya LEGO Technic tuliyopewa msaada. Mwaka huu boksi liwe na nini, na tuwape kazi gani?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hawakushindwa na ubunifu, walishindwa na betri. Boksi lenu lilikuwa na vifaa tele vya kujengea na umeme kiduchu, wakati mashindano ya namna hii yanataka kinyume chake: katoni ipimwe kwa rula, umeme uwe wa kutosha na uwe sawa kwa wote. Timu ikishindwa, ishindwe kwa kile ilichokiunda, si kwa sababu betri yake ilichoka mapema kuliko ya jirani.

Betri ya mraba ya volti 9 ni ya vitu vinavyokula umeme kidogo kidogo, kama mita ya fundi au king'ora cha moshi. Ujazo wake ni kama miliampea-saa 500 na ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Mota moja ya njano ikizunguka hewani hula kama miliampea 150 hadi 200, lakini ikikwama, au katika ile nukta ya kwanza ya kuanza kuzunguka, inaweza kutaka ampea nzima au zaidi. Mbili zikianza pamoja, volti zinaporomoka, Uno inakosa volti 5 zake, inazima na kujiwasha upya. Ikiwaka inaamuru mota zianze, volti zinaporomoka tena. Huko ndiko kutikisika palepale mlikokuona, kama gari bovu linalopigwa stata.

Msikimbilie kuweka betri nne za AA mkadhani mmemaliza. L298N ni chipu ya kizamani, na yenyewe hula kama volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Ukiipa volti 6, mota zinabaki na 4 au pungufu. Na Uno ukiilisha kwa pini ya VIN, ile ya kuingizia umeme, inapenda volti 7 kwenda juu, kwa hiyo kwa volti 6 inaishi kwa mashaka.

Hesabu inayokaa sawa ni betri sita za AA za kuchaji, aina ya NiMH. Kila moja ni volti 1.2, jumla 7.2. Ondoa zile 2 zinazoliwa na L298N, mota zinapata kama 5.2, na mota hizi ni za volti 3 hadi 6. VIN nayo inapata volti 7.2, ambazo Uno inaweza kuishi nazo. Zikitoka tu kwenye chaja hupanda hadi karibu 8.4, basi kwa usalama sheria iseme kasi ya mota kwenye programu isizidi 220 kati ya 255, ambayo ndiyo kasi yote. Kwa timu nane mnahitaji betri 48, ongezeni 12 za akiba, jumla 60. Ni gharama, najua, lakini mwakani zitakuwepo, tofauti na zile za mraba. Zile betri nyepesi za redio za bei ya chini zisiingie kabisa hata kama duka linazitoa kwa kifungu. Na betri za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu za zamani zipigwe marufuku kwa maandishi: waya zake zikigusana mikononi mwa mtoto, ni moto.

Mota nazo zina kasoro yake: hazifanani. Ukienda Kariakoo kununua zile za njano zenye gia ya 1 kwa 48, nunua 20 badala ya 16. Jioni moja kaa nazo mezani pamoja na betri mbili za AA. Chora mstari wa kalamu kwenye gurudumu, unganisha mota, hesabu mizunguko kwa sekunde 15, andika namba ubavuni. Moja itakupa 22, nyingine 25, nyingine italia krrr na kutoa 17. Oanisha zinazokaribiana, na hiyo ya 17 iweke pembeni ya kufundishia. Kazi ya saa moja hiyo inaondoa nusu ya malalamiko ya "yetu inakwenda upande".

Roboti iliyozunguka kama pia, karibu hakika waya mbili za mota moja zilikuwa zimegeuzwa. Zibadilishane nafasi kwenye kibao, basi. Inayokwenda mbele huku ikikata kona taratibu ndiyo inayohitaji marekebisho ya kasi: iendeshwe mita 2 sakafuni, upande unaokimbia upunguzwe namba 5, ijaribiwe tena. Ila kwanza waangalie kama gurudumu halisugui katoni na kama gundi haijaingia kwenye ekseli. Kurekebisha kwa programu kitu ambacho ni gundi ni kujidanganya.

Kuna kingine kinachoua roboti kimyakimya: vile vibati viwili vya shaba nyuma ya mota. Ni vyembamba kama karatasi, na waya ikivutwa mara tatu nne kinakatika, mota imekwisha. Waya ichomelewe kwa risasi mkiwa ninyi walimu, kabla ya mashindano, kisha ikunjwe kurudi juu ya mwili wa mota na kubanwa kwa kibana waya cha plastiki, ili mkono ukivuta uvute plastiki na si kibati. Mkiwa na kapasita za nanofaradi 100, chomeleeni moja kati ya vibati viwili vya kila mota. Inatuliza makelele ya umeme yanayoifanya Uno ipagawe bila sababu inayoonekana.

Boksi basi. Upande wa umeme: Uno moja na waya wake wa kompyuta, L298N moja, mota mbili zilizooanishwa na magurudumu yake ya milimita 65, kigurudumu kimoja huru cha mbele, servo moja ya gramu 9, sensa mbili za infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho) aina ya TCRT5000, swichi moja, kitufe kimoja, kikasha cha betri sita, na waya za kuchomeka 20. Kifaa cha umeme kikifa, kibadilishwe bure na bila maswali. Hapo msiwe wagumu.

Ugumu uwe huku: vipande viwili vya katoni vya sentimita 50 kwa 50, vijiti vya aiskrimu 30, chupa moja ya maji ya nusu lita, boliti nne za M3 za milimita 30 na nati zake kwa ajili ya kufungia mota, vibana waya 12, rababendi 6, vijiti viwili vya gundi ya moto. Havibadilishwi na haviongezwi. Timu iliyokata katoni vibaya itaishi na viraka vyake. Bastola ya gundi, kisu na koleo la fundi vikae meza moja ya pamoja chini ya mwalimu.

Wafundishe kuisoma katoni kabla hawajaikata. Ndani yake kuna mawimbi yanayokwenda upande mmoja. Ikibebeshwa mzigo kwa kufuata urefu wa mawimbi inakaza, ikibebeshwa kwa kukatiza inakunjika kama daftari. Vipande viwili vikigundishwa mawimbi yakiwa yamepishana, moja wima moja mlalo, vinakuwa ubao. Na kwa unyevu wa Dar Desemba, katoni iliyolala nje usiku mmoja asubuhi imelegea, hivyo zilale ndani, juu ya meza. Gundi ya moto nayo hulainika ikipata joto, kwa hiyo roboti iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani mtaikuta mota zimeinama.

Kuhusu kazi ya kuwapa, chagueni inayofanana na boksi. Msiweke mlima wala mpira wa kunyanyua. Chukueni plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, ipakeni rangi nyeupe isiyong'aa, pigilieni fito za sentimita 5 pembeni, katikati mbandike tepu nyeusi ya umeme kuigawa nusu mbili. Tawanyeni vizibo 40 vya soda, 20 kila upande. Roboti mbili, kila moja nusu yake, sekunde 60: sukuma vizibo upande wa mwenzako. Mwisho mwenye vizibo vichache upande wake ndiye mshindi. Roboti ikivuka tepu kwa magurudumu yote mawili, inaongezewa vizibo viwili vya adhabu. Sensa zinapata kazi hapo, na roboti isiyotembea inapata hukumu yake bila refa kubishana na mtu.

Kizibo kinaonekana kitu cha mchezo lakini kina vituko vyake. Upana wake ni kama milimita 32 na kimo kama 6. Kikilala meno chini, meno hukwaruza na kunasa kwenye kila kovu la plaiwudi. Kikilala mdomo juu, kinateleza. Sheria iseme vyote vinaanza mdomo juu. Tena zile milimita 6 ndizo zitakazoamua nani kajenga vizuri: koleo la mbele, yaani kile kipande cha kusukumia vizibo, likiwa juu kidogo, kizibo kinapita chini yake, kinaingia chini ya kigurudumu huru, kinanyanyua pua ya roboti, na gurudumu moja la kuendesha linabaki likizunguka hewani. Koleo liwe milimita 2 tu kutoka ubaoni, na liwe pana kuliko roboti nzima.

Sensa nazo zina matakwa yake. TCRT5000 huona vizuri zaidi kwa karibu kabisa, kama milimita 2.5, na ikipita sentimita moja inaanza kubahatisha. Ukiifunga mbele wazi, kizibo kitaigonga. Ikae nyuma ya koleo, kimo cha milimita 3 hadi 5, mahali ambapo vizibo vimeshasafishwa. Timu itakayogundua hilo siku ya pili badala ya siku ya nne itakuwa mbali.

Jua lina infraredi nyingi. Meza ikikaa jirani na dirisha, sensa iliyofanya kazi saa mbili asubuhi itakuwa kipofu saa saba mchana. Wekeni meza upande wa kivuli, na kila timu isome namba za sensa yake juu ya rangi nyeupe na juu ya tepu, pale pale mezani, saa ile ile ya mechi, kisha ichukue namba ya katikati. Tepu nyingine nyeusi zinang'aa kiasi kwamba sensa inaiona karibu nyeupe, kwa hiyo jaribuni kipande kabla ya kununua roli.

Vizibo vya chuma vinavutwa na sumaku, na ndani ya mota kuna sumaku. Yupo mwanafunzi atakayelifikiria hilo. Kwa maoni yangu anastahili kupigiwa makofi, ila mota ikifunguliwa haibadilishwi tena bure. Liandikeni mapema ili lisizue ugomvi.

Sasa zile roboti mbili zilizorudia hatua ya kwanza. Huo ni ugonjwa wa programu na unajulikana. Kwenye Uno, namba ya aina ya `int` inaishia 32,767. Mwanafunzi akihifadhi muda wa `millis()` (milisekunde tangu Uno iwake) ndani ya `int`, basi baada ya milisekunde 32,767, yaani karibu sekunde ya 33, namba inageuka na kuwa hasi. Programu inayosema "ikipita sekunde 20 nenda hatua ya pili" inaona muda ni mdogo kuliko 20, inarudi hatua ya kwanza. Na "ikipita 60,000 simama" haitatokea kamwe, kwa sababu `int` haifiki huko. Dawa ni kuandika kila kigezo cha muda kama `unsigned long`. Wakitaka dakika moja waandike `60000UL`, wasiandike `60 * 1000`, maana hata hiyo hesabu yenyewe inafurika kabla ya kuhifadhiwa. Kwenye mechi ya sekunde 30 kosa hili lisingeonekana, ndiyo maana wengi hawalijui.

La pili linawanasa hata wakubwa. Programu ikitumia maktaba ya `Servo`, pini 9 na 10 za Uno hupoteza uwezo wa kurekebisha kasi kwa `analogWrite`, na mafunzo mengi huunganisha mota hapo hapo. Mota itazima au itakwenda kasi yote, hakuna katikati, na mwanafunzi atalaumu L298N. Mota zikae pini 5 na 6, servo ichukue 9. Kwenye L298N waondoe vile vikofia viwili vya plastiki vya ENA na ENB, vinginevyo kasi haibadiliki. Pini 0 na 1 ziachwe tupu, ni za kuongea na kompyuta. Umeme wa servo usitoke kwenye Uno, utoke pini ya volti 5 ya kibao cha L298N, na pini za GND (upande wa hasi) za vibao vyote ziungane. Uno nyingi za bei nafuu zinatumia chipu ya CH340, ambayo baadhi ya kompyuta haziitambui mpaka ziwekewe dereva yake, yaani programu ya kuitambulisha. Programu ya Arduino na dereva hiyo viwekwe kwenye kila kompyuta wiki moja kabla, ili siku ya kwanza msitegemee bando la mtu.

LEGO msiiingize kwenye mashindano. Makasha mawili kwa timu nane ni kuleta yale yale ya mwenye nacho. Itumieni asubuhi ya siku ya kwanza kufundishia gia, kwa sababu hakuna kifaa kinachoonyesha hesabu kwa macho kama kile. Gia ya meno 8 ikiendesha ya meno 24, kasi inagawanywa kwa 3 na nguvu ya kuzungusha inapanda kwa 3. Ukirudia mara mbili unapata 9. Wape pia fumbo hili: matundu ya tofali yameachana milimita 8, lakini tofali lenyewe lina kimo cha milimita 9.6, hivyo ukipanga matofali mawili, fito ya wima haikubali kupigwa pini kwenye yote mawili. Ukiweka bapa mbili, vile vipande vyembamba vya LEGO vya milimita 3.2, katikati, 9.6 na 6.4 zinakuwa 16, ambayo ni mbili za 8, na pini inaingia. Somo hilo la kufunga ujenzi kwa wima limefundisha wanafunzi wengi wa mashindano ya 6.270 ya chuo cha MIT, Marekani, yaliyoanza 1987. Nao walikuwa wakifanya Januari, katikati ya mihula, kwa boksi la LEGO. Jina lao lilitokana na somo la 2.70 la chuo hicho hicho, ambako mwalimu wake, Woodie Flowers, aliwapa wanafunzi wote mfuko wa vifaa unaofanana. Kwa hiyo wazo lenu la boksi moja kwa wote lina ukoo mzuri.

Ratiba isiwape raha mno. Kufika saa sita mchana ya siku ya pili, kila timu iwe na kitu kinachotembea mita moja, hata kama ni mota zimefungwa kwenye kipande cha katoni bila koleo wala sensa. Timu isiyofika hapo, mwalimu akae nayo mchana huo. Betri zikae juu ya ekseli ya magurudumu ya kuendesha, kwa sababu ndizo uzito mkubwa, kama gramu 170. Zikiwekwa mbele juu ya kigurudumu huru, magurudumu yanateleza na koleo halisukumi. Siku ya nne saa kumi jioni roboti zote zikabidhiwe na kufungiwa stoo, na betri ziingie chaja jioni hiyo hiyo, si asubuhi ya mechi, mkijua umeme wetu unavyoweza kuamka na maamuzi yake.

Siku ya tano msicheze mtoano. Mtoano unamrudisha nyumbani mtoto aliyefanya kazi siku nne kwa dakika moja. Timu nane zikikutana kila moja na nyingine ni mechi 28, na kwa dakika 5 kila moja pamoja na kupanga vizibo, ni saa mbili na dakika 20. Ushindi pointi 2, sare 1. Kikomo cha uzito kiwe gramu 600, kikipimwa asubuhi kwa mizani ya jikoni kabla ya mechi ya kwanza, na namba iandikwe kwa kalamu juu ya roboti. Timu mbili zikilingana pointi kileleni, waliokutana na kushindana wao kwa wao waangaliwe kwanza, na kama walitoka sare, kombe liende kwa yenye namba ndogo ya gramu.